Mafiga ya Shomvi Kirangi Barazani

Hapo zamani, katika mji wa Kikunguni, walihudhuria barazani watu hawa: Sultani Badi bin Mwenyekombo, juu ya zulia lake, Kadhi Muhidini bin Shungu, kuliani kwake, Mwinyi Usi bin Ngwame, Msimamizi wa Vyakula, ambaye wengine humwita kwa makosa Usi bin Ngwali, na mbele yao, amesimama, Shomvi Kirangi, mpika maharage, asiye na kanzu wala kofia.

Shauri lilikuwa hili. Mwaka uliotangulia watu waliugua harusini kwa kula wali uliolala, basi Sultani akatoa amri, nayo ilikuwa amri njema: hapana jiko la kuuza chakula litakalowashwa pasipo kuwamo jikoni mtu mwenye hati ya usimamizi wa vyakula. Hati hiyo ilipatikana kwa mtihani. Mwinyi Usi aliutunga mtihani, akaufanya mwenyewe, akajisahihisha, akafuzu. Wengine wote akawaangusha. Ikawa mji mzima una mwenye hati mmoja, naye kutwa yuko barazani akila kashata. Na mwenye mkahawa akimpelekea zawadi, ilihesabiwa kwamba Mwinyi Usi yumo jikoni mwake. Shomvi hakuwa na cha kupeleka, basi moto wake ukazimwa.

"Shomvi," akanena Sultani, "nasikia umewasha tena."

"Nimewasha, Maulana. Wachukuzi wa bandarini wana njaa, na mimi sina kazi nyingine niijuayo."

"Amri ni amri. Leo utapika, na mwenye hati awepo jikoni. Ukishindwa, utauhama mji huu."

Shomvi akamgeukia Mwinyi Usi. "Mwinyi, twende basi."

"Niende wapi? Kwenye kibanda chako cha masizi? Kanzu hii imetoka kufuliwa."

Watu wakacheka. Shomvi akamwuliza Kadhi, "Shehe, jiko ni kuta?"

"La," akajibu Kadhi. "Wapishi wa harusi hupika uani, na pale pasipo ukuta huitwa jikoni. Penye mafiga na moto ndipo jikoni."

"Ahsante, Shehe."

Basi akatoka, akarudi na mafiga matatu, chungu cha maharage na mzigo wa kuni mbichi, akayapanga mafiga mbele ya magoti ya Mwinyi Usi, akawasha. Moshi ukatanda. Mwinyi Usi akakohoa, akahamia pembeni. Shomvi akayabeba mafiga kwa matambara, akamfuata.

"Wewe una wazimu?"

"Sina, Mwinyi. Amri yataka wewe na jiko muwe pamoja. Haikusema nani amfuate mwenziwe. Ila nakuomba utulie, maana wewe una miguu na jiko halina."

Sultani machozi yalimtoka, isijulikane ni ya moshi au ya kicheko. "Msimamizi," akanena, "simamia basi. Maharage hayo yafaa kuliwa?"

Mwinyi Usi akachungulia chunguni kwa mbali, ameziba pua kwa ncha ya kilemba. "Yafaa, Maulana. Yameiva vizuri."

"Hata maji hayajapata moto," akasema Shomvi.

Sultani akacheka hata akashika mbavu, kisha akaacha kucheka. "Amri yangu ni safi, Usi, uliyeishika ndiwe mchafu. Tangu leo mtihani atautoa Kadhi, hadharani, na kila mpishi ataufanya. Shomvi, maliza kupika hapahapa, uwaite wachukuzi wako, tule pamoja. Nawe Usi, nenda ukasimamie angalau jiko moja, lililo lako."

Kwani Mwinyi Usi alikuwa na mkahawa sokoni, na jikoni mwake hakuwa ameingia hata mara moja. Akaenda kwa hasira, akaketi mbele, mahali pa wateja, akaagiza samaki, akala. Jikoni hakuingia.

Mwinyi Usi bin Ngwame alikufa siku ya Alhamisi, kwa ugonjwa wa tumbo.