Haja Aliyoitaja Jumbe Semkiwa

Paukwa!

Pakawa.

Zamani hizo, babu za babu zetu hawajaota meno, palikuwa na kijiji kilichokataa kubaki kijiji. Njia za misafara zilikutana pale, na watu wakaja. Kong'o, kong'o, wakapigilia nguzo. Kong'o, kong'o, nyumba ubavuni mwa nyumba. Mwaka haukupinduka, kikawa mji.

Jumbe wa mji aliitwa Semkiwa. Ili wageni wapatane na wenyeji, alioa mke katika kila mtaa. Wakapatana. Ila Jumbe hakuweza tena kugeuka bila kumwona mkwe.

Alikuwapo mzee mmoja, Kingaru bin Shoka. Si Kingalu yule chifu, Kingaru. Alimlea mjukuu wake yatima, Tamasha, aliyekuwa akisoma kwa Mwalimu Badi katika banda la jirani. Kila asubuhi watoto waliimba: ba, be, bi, bo, bu. Mzee alisokota kamba akiwasikiliza.

Siku moja sauti zikapungua. Kesho yake zikapungua tena. Watoto walikuwa wanaharisha. Kisha Tamasha naye akalala mkekani, macho yameingia ndani.

Mzee Kingaru akapanda kilimani, kwenye chemchemi iliyonywesha mji mzima. Akainama, akanusa. Juu yake kidogo wanaume walikuwa wamechuchumaa, kila mmoja na kichaka chake. Wakamwamkia. Akaitikia, akashuka.

Akamchukua Jumbe mpaka kilimani, akamwonyesha kwa kidole. Jumbe akaelewa. La mgambo likalia, buu, buu. Watu wakakusanyika, wakwe mbele.

"Kuanzia leo," Jumbe akasema, "mwenye haja asiende chemchemini. Aende bondeni."

"Tumesikia," wakajibu.

Na kweli walisikia. Asubuhi akina mama wenye haja ya maji wakashuka bondeni, wakachota kwenye dimbwi ambako taka zote za mji huteremkia. Pale juu pakawa kimya, hapana wapita njia. Wanaume wakaona mahali pamezidi kufaa.

Bandani: ba, be, bi. Sauti za kuhesabika.

"Jumbe," Mzee Kingaru akauliza, "ulitaja haja ipi?"

"Ile."

"Ile ipi?"

"Mzee wangu, mama mkwe alikuwa mstari wa mbele. Ulitaka niitaje?"

"Nilitaka."

"Basi itaje wewe."

Mzee akafungua kinywa. Mlangoni akapita mkwewe, mume wa binti yake mkubwa. Akafunga kinywa.

Akaenda bandani.

"Mwalimu Badi, mmefika wapi?"

"Tuko kwenye *ma*, Mzee."

"Wamejua kuandika maji?"

"Wamejua."

"Sasa ondoa *ji*. Weka *vi*."

Mwalimu akafikiri. Akaona haya. "Mbele ya watoto, Mzee?"

"Una mkwe humu darasani?"

Mwalimu akatazama uso mmoja mmoja. "Sina."

"Nao wana wakwe?"

"Bado."

"Basi fundisha."

Watoto waliobaki wakaenda wakisoma mpaka kilimani. Ma-ji, juu. Ma-vi, bondeni. Ma-ji, juu. Ma-vi, bondeni. Wakamkuta Mzee Chambuso, baba mkwe wa Jumbe, amekwisha kaa kichakani.

"Shikamoo babu. Hapa ni ma-ji. Ma-vi ni bondeni."

"Nani kawafundisha matusi?"

"Si matusi, babu. Tunasoma."

Chambuso akainuka, akafunga shuka yake, akashuka bondeni bila kumaliza. Wengine wakamfuata. Nani atamchapa mtoto kwa kosa la kusoma? Wiki ile wakachimba vyoo bondeni. Chemchemi wakaisafisha, wakaizungushia ua, na akina mama wakarudi kuchota juu.

Siku zote hizo Mzee Kingaru alikuwa akimnywesha Tamasha maji ya mchele yenye chumvi, kijiko kwa kijiko. Mara yanakaa, mara yanarudi. Mzee hakusokota kamba. Jirani alipouliza hali ya mtoto, alijibu, "Yupo."

Asubuhi moja Tamasha akanywa bakuli zima. Akauliza wenzake wamesoma nini. Babu yake akavuta jivu la jikoni, akaandika kwa kidole.

"Ma," mtoto akasoma, sauti kama ya mbu. "Vi." Akapumzika. "Nimepata, babu?"

Mzee Kingaru akageukia ukuta kidogo.

"Soma tena," akasema.

Basi, wasikilizaji, adabu ni njema, lakini maradhi hayana wakwe. Ukiyaita kwa mafumbo hayaitiki. Hadithi yangu imekomea hapo; mwenye yake, kigoda hiki hapa.