Maji Waliyokuja Nayo

Kaeni, wapendwa. Kwaya asanteni, mmeimba vizuri, na yule wa besi aliyeingia wimbo ukiwa umefika katikati, Mungu amemwona. Neno mmekwisha kulisikia likisomwa, la kumpokea mgeni na yatima, na mimi kabla sijaligusa nataka tutoke kidogo humu ndani, twende tukatazame tangi la samaki.

Alikuwako mkunga mmoja mstaafu, katika kijiji cha huko milimani ambako maji ya bomba ya asubuhi humkumbusha mtu dhambi zake. Alizalisha akina mama kwa miaka thelathini na miwili. Nusu ya kijiji ilipita mikononi mwake ikilia. Na mnawajua manesi wa zamani, mtu anastaafu lakini mikono yake haistaafu. Uani kwake huokoti jani. Ukiingia na tope alikutazama miguu kwanza, uso baadaye. Watu walimwogopa kidogo na kumpenda sana, na kila aliyekuwa na kitu cha kuweka alikiweka kwake: ufunguo, cheti cha mtoto, gauni la harusi. Kitu kikiwekwa kwa mkunga hakipotei wala hakiharibiki.

Bondeni, chini ya nyumba yake, aliishi kijana mmoja mfugaji wa samaki. Nasema kijana, lakini alikuwa na mke na watoto watatu, na wote watatu aliwapokea mkunga huyo huyo, kama alivyompokea baba yao. Alikuwa na bwawa moja la perege. Mwaka huo kaa wa mtoni walilitoboa tuta la bwawa, maji yakawa yanatoka mchana na usiku, ikabidi alikaushe, afukue tope na kulijenga tuta upya. Kazi ya siku kumi. Samaki wa kula akawauza wote. Wakabaki perege arobaini aliokuwa amewachagua mmoja mmoja kwa miaka sita, wale wa kuzalisha. Hao hawauzwi wala hawaliwi. Ukiwa nao, hata ukianza na shimo tupu, baada ya mwaka una bwawa. Usipokuwa nao una shimo, na mke wa kijana alilijua hilo kuliko hata yeye.

Basi akapanda kilima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Miguu."

Kijana akarudi nyuma, akapangusa miguu kwenye nyasi, akaja tena. "Mama, naomba unitunzie samaki wangu wa mbegu, siku kumi tu. Kwenye lile tangi lako la saruji."

"Wanakula nini?"

"Konzi moja ya pumba asubuhi, basi. Ila mama, nitawaleta na maji yao, mapipa manne. Wakae humo humo. Yakipungua, ongeza ya mto, ndoo moja jioni, polepole."

"Mwanangu, mimi nimelea watoto njiti wa kilo moja nikawavusha. Samaki watanishinda? Wewe nenda kajenge tuta lako."

Mmesikia alivyojibu? Ameambiwa habari za maji, akajibu habari za uwezo wake. Lakini tuendelee, mkunga ni mtu mzuri na kazi ndiyo kwanza inaanza.

Samaki wakaletwa kwa mkokoteni Jumanne asubuhi, kabla jua halijawa kali. Maji yao yakamiminwa kwanza, kisha wao. Maji ya kijani. Sisemi kijani ya kubahatisha, nasema kijani kama mlenda, na harufu ya tope juu yake. Na tangi lilikuwa ubavuni mwa mlango wa jiko, mahali anapopita kila mgeni.

Siku ya kwanza mkunga akavumilia. Siku ya pili akavumilia pua ikiwa imezibwa kwa pindo la khanga. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Samaki humpi jembe, kwa hiyo siku ya tatu mkunga akashika brashi mwenyewe. Ilikuwa Alhamisi, na mchana ule akina mama wa jumuiya walikuwa wanakuja kusali kwake.

Msimwonee, hayakuwa majivuno matupu. Asubuhi ile aliinama juu ya tangi asione samaki hata mmoja, akasema moyoni: maskini viumbe wa watu, wanakaa katika uchafu huu na mimi nipo. Aliwaonea huruma. Ilikuwa huruma ya kweli, kwa sababu ilimfanya mwanamke wa miaka sitini na saba ajifunge kibwebwe kabla hajanywa chai.

Akawahamishia samaki kwenye mabeseni. Akayachota yale maji ya kijani ndoo kwa ndoo, akayamwaga kwenye migomba. Akalisugua tangi kwa sabuni ya unga, akalisuuza mara tatu, akafungulia bomba. Maji ya bomba ya kijiji kile yalikuwa yanatiwa dawa ya kuua vijidudu, na wiki ile yalinukia dawa mpaka kwenye chai. Kwa mkunga hiyo ilikuwa harufu ya usalama. Akajaza tangi, akawarudisha.

Na ilikuwa kitu cha kutazama, sitawaficha. Perege arobaini, wanene, unahesabu magamba yao kama uko nao humo ndani. Akina mama walipofika walisahau hata kuketi.

"Kumbe ndivyo walivyo," mmoja akasema.

"Hawa sasa ndiyo wamepata pa kukaa," akasema mwingine.

Katika sala ya mwisho wakamwombea mwenyeji wao, Mungu amzidishie moyo wa kupokea.

Ijumaa asubuhi samaki walikuwa wamekaa chini kabisa, hawaendi huku wala huku. Pumba ilielea, hakuna aliyeigusa. Mama mmoja akapita na kuni, akauliza wageni wanaendeleaje.

"Wametulia," mkunga akasema. "Wameshazoea."

Kufika saa sita mchana wakaanza kuja juu, midomo nje, wakitafuta hewa. Mkunga alikijua kiumbe kinachotafuta pumzi, alishakiona mara nyingi. Akafanya lile alilolijua. Akamwaga nusu ya maji, akafungulia bomba tena, akaongeza mengine masafi zaidi. Saa tisa wa kwanza akaelea ubavu. Mkunga akateremka bondeni mwenyewe kwa magoti yake mabovu, mlango akiuacha wazi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ahamie pale.

Kijana alikuja na tope mpaka magotini, na siku hiyo hakuna aliyemwambia neno. Akapiga magoti kando ya tangi, akatia mkono majini, akaunusa.

"Mama, maji yao uliyaweka wapi?"

"Nilimwaga."

"Yote?"

"Yalikuwa machafu, baba. Hata kuwaona nilikuwa siwaoni."

"Sina mengine," kijana akasema. "Bwawa nimeshalikausha. Yale ndiyo yaliyokuwa yamebaki."

Ule ukijani, wapendwa, haukuwa uchafu. Ulikuwa mimea midogo isiyoonekana kwa macho, nayo ndiyo iliyokuwa ikiwalisha samaki na kuwapa pumzi. Walizaliwa humo. Huwezi kuitengeneza kwa siku moja, na huwezi kuinunua dukani.

Waliokuwa bado wanapumua wakawatia kwenye ndoo, wakawashusha hadi kidimbwi cha mtoni. Walifanya kazi hiyo wawili, wakipanda na kushuka kilima. Jumamosi asubuhi walihesabu sita waliokuwa hai.

Mkunga akaketi kwenye kizingiti cha jiko lake, mikono mapajani. "Mwanangu," akasema, "sikuwapuuza. Nilifanya kila kitu."

"Najua, mama," kijana akasema. "Ndiyo maana niliwaleta kwako."

Hakusema kwa hasira. Mkunga alisema baadaye kwamba afadhali angemtukana.

Sasa nawaona, wengine mmeshamhukumu. Nawaona hasa upande huu wa akina baba, mnatikisa vichwa, kana kwamba kuna mmoja wenu aliyewahi kusugua tangi. Hebu niambieni mama huyu alikosa wapi. Aliiba? Hakuiba. Alizembea? Alivunjika mgongo. Aliwachukia? Aliwahurumia kuliko mtu yeyote katika kijiji kile. Kama wangekufa kwa uvivu wake ningelala vizuri, maana mimi si mvivu sana. Wamekufa kwa huruma yake, na huruma ninayo. Hapo ndipo ninapoogopa.

Mimi ninatembea katika nyumba zenu. Mnaninywesha chai, mnanipa viazi, na macho yangu hayali viazi, yanatazama. Ninamwona pale mtoto wa dada yako, dada yule tuliyemzika mwaka jana. Umemchukua, na Mungu akubariki, kwa sababu siku ya kikao cha ukoo wengine ghafla walikuwa na safari. Umemnunulia viatu. Umemtafutia shule nzuri. Kilugha cha kwao umemwambia akiache, hapa kwetu tunaongea Kiswahili. Ile khanga ya mama yake aliyokuwa anaishika akilala uliifua, ukaona imechakaa, ukaifanya tambara la jikoni. Jina lake la nyumbani uliliona la kishamba, sasa anaitwa lile la ubatizo. Akianza kumtaja mama yake mnageuza mazungumzo upesi, kwa huruma, asije akalia. Na mimi nikikuuliza, mtoto anaendeleaje, unanimiminia chai ya pili na kuniambia: mchungaji, ametulia huyu, ameshazoea.

Hapa kanisani nako je? Mtu anakuja na namna yake ya kuomba, na nyimbo zake, na kilio chake. Miezi mitatu tunamsugua. Akishaanza kuimba kama sisi na kusimama tunaposimama, tunasema amekua kiroho. Mwezi wa sita kiti chake kitupu, na tunaulizana amekwazwa na nani. Hakukwazwa na mtu. Tulimpa maji yetu sisi, masafi sana, na ya kwake tukayamwaga kwenye migomba.

Nasema sisi, kwa sababu na mimi nimo. Mnajua nyumbani kwangu yupo binti wa marehemu mdogo wangu, ana miezi minne sasa tangu aje kwetu. Mke wangu na mimi tulisifiana sana. Hasumbui, halii, anaosha vyombo bila kuambiwa. Sahani yake tu ndiyo ilikuwa inarudi na chakula, kila siku, na tulidhani ni mboga. Tukabadilisha mboga.

Jumanne iliyopita jioni nilikaa naye barazani, nikamuuliza mama yake alikuwa anamwitaje. Kisha akaniambia. Jina lenyewe sitawatajia, ni la kwake. Nikaliita. Akalia sana, wapendwa, akalia mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza nimemfanya nini mtoto wa watu, akanikuta na mimi nalia.

Jioni ile alikula akamaliza.

Kwa hiyo leo sina mambo matatu ya kwenda nayo nyumbani, nina moja. Ukifika, yule uliyempokea usimpe kitu. Usimnunulie kitu. Kaa naye, umuulize kule alikotoka alikuwa anaitwaje. Akilia, mwache alie, usimfute haraka. Halafu mwite hivyo hivyo. Tusimame.