Mbuni Aliyewafundisha Ngiri Kuingia Shimoni

Paukwa.

Pakawa.

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa.

Pakawa.

Haya. Watoto sogeeni, na wakubwa msijifanye mnapita tu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanasemezana, palikuwa na ngiri mmoja jina lake Magego. Mkewe aliitwa Mashavu. Binti yao aliitwa Kibibi. Walikaa katika uwanda wa nyasi fupi, ndani ya shimo kando ya kichuguu. Na Chui naye alikaa huko huko.

Sasa ngiri walikuwa na desturi yao. Jua likielekea kuzama, ngiri hafiki mlangoni akajiingilia tu. Kwanza husimama. Huinamisha kichwa, akausoma mchanga. Nani amepita? Amekwenda wapi? Amerudi? Akishasoma, hugeuka, akaingia kinyumenyume, matako yametangulia. Rudi, rudi, rudi. Puu, amefika chini. Yale meno marefu hubaki mlangoni yakitazama nje. Chui akija anakutana na meno. Anasalimu, anakwenda zake.

Katika uwanda mzima hakuna aliyejua kusoma mchanga kama Mashavu. Magego alisoma ovyo.

"Ni swala huyu," Magego alisema. "Tuingie."

"Swala gani mwenye vidole? Umesoma vibaya, Baba Kibibi. Rudia."

"Nimechoka."

"Rudia hivyo hivyo umechoka."

Magego alinuna. Akarudia. Akakuta ni fisi. Kila jioni alinuna, na kila jioni alisoma vizuri kuliko jana. Hata Shashi, yule ndege anayekula kupe mgongoni mwa ngiri, alisema, "Mke unaye, bwana. Mimi nakutoa kupe, yeye anakutoa ujinga."

Ila jambo moja lilimuuma Mashavu. Swala waliwacheka ngiri. Wakiwaona wanaingia shimoni waliulizana kwa sauti, "Jamani, habari za huko nyuma?" Kibibi alirudi nyumbani analia. Leo analia, kesho analia. Mashavu alimfuta machozi, na moyoni akachoka.

Ndipo akaja Mbuni.

Alikuja kutoka ng'ambo ya mto mkavu, shingo ndefu, manyoya yamechanwa. Akapanda juu ya kichuguu kingine. Akatangaza mafunzo. Mafunzo ya kuwa Ngiri Mpya. Ada ilikuwa mizizi mitamu. Ngiri walichimba, Mbuni alikula.

"Nani anaishi akirudi nyuma?" Mbuni aliuliza.

"Sisi," ngiri walijibu.

"Na nani anatazama chini kila jioni kama mwizi?"

"Sisi."

"Basi ndiyo maana mnachekwa. Inueni vichwa. Mshindi hasomi mchanga, mshindi anaangalia mbele. Imbeni: mbele, mbele, nyuma sirudi."

Mbele, mbele, nyuma sirudi. Ngiri waliimba. Tifu, tifu, vumbi likapanda. Kibibi aliimba, akaacha kulia. Mashavu alimtazama mwanawe hajalia siku nzima, naye akaimba.

Kila somo lilipokwisha, Mbuni alisema, "Sasa niambieni ukweli. Mnanionaje?"

"Unang'aa, Mwalimu."

"Unapaa, Mwalimu."

Hapana, mbuni hapai. Lakini ndivyo walivyosema.

Shashi akauliza kutoka mgongoni mwa Magego, "Mwalimu, wewe una shimo?"

"Sina."

"Umewahi kulala shimoni hata mara moja?"

Mbuni akanyoosha shingo. "Hapa tunasema maneno ya kujenga. Huyu analeta maneno ya kubomoa. Atolewe."

Wakamtoa. Walimzomea mpaka akaruka, prrr, akaenda kukaa juu ya mti wa miiba. Kisha Mbuni akachomoa unyoya wake mmoja, akamchomeka Mashavu shingoni. "Huyu ndiye mwanafunzi wangu bora. Mtazameni, mfanye kama yeye."

Jioni ile Mashavu alifika mlangoni kichwa juu. Hakusoma. Hakugeuka. Akaingia kichwa mbele, chwaa, kama maji.

Magego alibaki nje. "Umekosea, Mama Kibibi. Rudia."

"Hayo ni maneno ya kubomoa," Mashavu alijibu kutoka ndani.

"Ni maneno yako."

"Yalikuwa yangu. Mimi sasa ni ngiri mpya. Mwanangu hatachekwa tena."

Magego alisoma mchanga peke yake. Akaingia kinyumenyume peke yake.

Kesho yake Magego na Kibibi walikwenda kunywa maji. Mashavu alitoka kwenye mafunzo, akatangulia nyumbani. Mbele, mbele, nyuma sirudi. Akafika mlangoni, kichwa juu, akaingiza kichwa.

Kichwa kikawa ndani. Meno yakawa ndani. Nje kukabaki kile kisichoweza kuuma.

Chui alikuwa nyuma ya kichuguu.

Magego alipofika aliukuta unyoya wa Mbuni mchangani. Alimzuia Kibibi kwa ubavu wake asisogee. Kisha akainamisha kichwa, akasoma. Alisoma kwato za mkewe, zilipotoka na zilipofika. Alisoma nyayo za Chui. Alisoma mburuzo mpaka kwenye vichaka. Hakuruka hata mahali pamoja. Alipomaliza alikata matawi ya miiba, akauzungushia mlango wote, mtu asije akakanyaga mchanga ule. Wakalala kwa jirani.

Ngiri walikaa matanga. Mbuni naye akaja. Akasimama katikati ya wafiwa, akasema, "Poleni sana. Lakini mafunzo hayana kosa. Mwenzetu alisita mlangoni. Hakuamini sawasawa. Angeamini, angekuwa nasi hapa."

Na wapo ngiri waliotikisa vichwa wakakubali. Nataka mlijue hilo. Kwenye matanga yake, mbele ya mwanawe, walitikisa vichwa.

Magego akainuka.

"Rudia," alisema.

"Nimesema alisita."

"Mlangoni?"

"Mlangoni. Pole, Mzee Magego, lakini ndivyo."

"Twende ukanionyeshe."

Wakaenda wote. Magego akavuta miiba pembeni. Sauti yake haikupanda. Alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto kusoma mchanga.

"Hii ni kwato ya mke wangu. Hii nyingine. Hii nyingine. Tazama nafasi kati yake, inalingana mpaka mlangoni. Anayesita hukanyaga papo kwa papo, mchanga ukavurugika. Umevurugika wapi, Mwalimu?"

Mbuni alitazama juu.

"Soma."

"Mimi sisomi mchanga."

"Najua. Basi nikusomee. Hizi hapa ni nyayo za Chui. Zimepita mbele ya mlango, zikazunguka kichuguu, hazikurudi mpaka mke wangu alipofika. Kibibi, mwanangu, unaziona?"

"Naziona, baba."

"Mtoto anaziona. Na hapa pana unyayo wa Chui, na juu ya unyayo pana kwato ya mama yake. Alimkanyaga Chui kabla Chui hajamkamata. Alikanyaga kifo chake bila kukiona, kwa sababu kichwa kilikuwa juu, kama ulivyomwambia. Hakusita. Kila ulichomfundisha alikifanya. Na wewe umekula mizizi yake, kisha umekuja matangani kumsingizia."

Magego akasogea kando ya mlango.

"Sasa ingia," Magego alisema.

"Mimi?"

"Wewe. Kichwa mbele. Nyuma usirudi."

"Mimi sikai shimoni, Mzee. Mimi nafundisha tu."

"Nilimuuliza hilo mapema," Shashi alisema kutoka juu ya mti wa miiba wa karibu. "Mkanizomea."

Ngiri wakaangalia kwato zao. Mmoja akaanza kukoroma kwa hasira. Wa pili akakoroma. Mbuni aligeuka, akakimbia, tifu tifu tifu, mpaka akawa nukta, mpaka hata nukta haikuonekana. Kwa kukimbia hana mfano. Nasikia yuko uwanda mwingine sasa. Anawafundisha nungunungu kulaza miiba yao, ili wapendwe.

Mnacheka. Nungunungu wanalipa.

Jioni ile Magego na Kibibi walirudi kwenye shimo lao. Kibibi alisimama mlangoni. Ule wimbo bado ulikuwa mdomoni mwake, maana wimbo hautoki kwa siku moja. Akainua kichwa.

"Shusha," Magego alisema. "Soma."

"Swala watanicheka."

"Watakucheka. Soma."

Kibibi akainamisha kichwa. "Ni kanga, baba. Kapita mmoja."

"Umesoma vibaya. Rudia."

"Baba, nimechoka."

Magego akatazama mchanga wa mlangoni.

"Rudia hivyo hivyo umechoka."

Kibibi alinuna. Akarudia. "Ni kanga wawili," alisema. "Mmoja anakanyaga alama za mwenzake."

"Sawa. Geuka."

Binti akageuka. Rudi, rudi, rudi. Puu. Shashi akashuka kutoka mtini, akatua mgongoni mwa Magego. Magego akaingia wa mwisho, akaweka meno yake mlangoni, akatazama nje mahali Chui alipozoea kupita. Alitamani sana apite.

Sasa sikilizeni, wadogo kwa wakubwa. Anayetaka kuwa bora asome, na akikosea asome tena. Akae na yule anayemwambia umekosea, hata kama anamnunia. Na mwalimu akikuomba ukweli kisha akamfukuza aliyeusema, usimpe mizizi yako, wala usimpe mtoto wako. Na aliyekufa kwa kumtii mwalimu wake, msimlaumu kwamba hakutii vya kutosha.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni mwa shimo. Anayetoka na atoke, ila asome chini kwanza.