Bi Chausiku na Pua ya Mnyapara

Hapo kale, kale ile ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, wanyama walikuwa na kiwanda cha mikate. Msicheke! Kiwanda kabisa, chenye tanuri la udongo na stoo ya asali, maana mikate yao ilipakwa asali juu.

Mwenye kiwanda alikuwa Mzee Tembo. Msimamizi wa kazi alikuwa Nyati, na wote walimwita Mnyapara. Kobe alikanda unga. Na kuni je? Kuni zilipasuliwa na Fisi, naona mnacheka tena, jina lake Bi Chausiku. Hakuwa na shoka. Alizipasua kwa meno. Kacha! Kacha! Gogo moja, vipande vinne.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana jambo hili linanichoma mpaka leo. Kila jioni, watu wakienda nyumbani, Bi Chausiku peke yake alisimamishwa getini.

"Achama!" Mnyapara anamwambia.

Mama wa watu anaachama, kinywa wazi mbele ya wenzake, na Mnyapara anachomeka pua lake mle ndani kunusa kama ameiba asali. Fff! Fff!

"Haya, pita. Leo umebahatika."

Miaka sita! Miaka sita ya kunuswa, na hajakutwa na harufu ya asali hata siku moja. Ungedhani wangechoka. Wapi! Walisema, "Fisi hao wajanja, huyu anasukutua."

Basi asubuhi moja mitungi miwili ya asali ikakutwa mitupu. Mzee Tembo akapiga mguu chini. Puu!

"Imetosha! Leo alasiri Chausiku anaondoka!"

"Mzee, naapa sijaonja," Bi Chausiku akalia. "Nina watoto wawili nyumbani. Nikitoka hapa, nani ataniajiri na jina la mwizi?"

"Ungewafikiria hao watoto kabla ya kulamba."

Siku hiyohiyo ilikuwa siku ya semina. Baraza la wanyama lilikuwa limeagiza kila mahali pa kazi wafundishwe kuheshimiana, na mwalimu aliyetumwa alikuwa Pimbi, jina lake Sikudhani. Alikuwa mdogo kama birika la chai, na mkoba wake ulikuwa mkubwa kuliko yeye.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba, mwanangu. Fundisha haraka, mikate inasubiri."

Wakaketi. Mnyapara akaanza kusinzia hata kabla ya salamu kwisha. Pimbi akatazama huku na huku.

"Mbona yule mama amekaa nje, mlangoni?"

"Yule ni Fisi," akasema Kobe.

"Nimeona ni Fisi. Nimeuliza mbona amekaa nje."

Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba. Mnyapara ndiye aliyejibu, jicho moja limefumba. "Kiti hakuna. Halafu, mwalimu, fisi ni fisi. Wamezaliwa hivyo. Utafundisha heshima mpaka koo likukauke."

Pimbi hakubisha. Habari za asali iliyoibwa alikwisha zisikia alipofika. Lakini yeye ni mfupi, na mfupi huona ya chini. Aliona sisimizi. Mstari mzima wa sisimizi umetoka stoo, umekatiza ukumbini, umepanda mguu wa Mnyapara, umeishia kwenye ndevu zake! Warefu wote wale, hakuna aliyeuona.

Je, angesema? Angesema, nani angemwamini, Pimbi dhidi ya Nyati? Akatabasamu tu.

"Mzee Tembo, nasikia pua yako haina mfano. Ungeweza kumtambua Fisi bila kumwona?"

"Hata nikiwa usingizini!"

"Kweli? Nitakufunga macho, wenzako wajipange, wewe uwanuse vinywa."

"Lete kitambaa!"

Wakachukua mfuko wa unga, wakamfunga. Pimbi akaweka sharti kwamba wanaonuswa wasitoe sauti. Akamsimamisha Kobe, kisha akamwita Bi Chausiku aingie, na hapo Mnyapara akainuka.

"Mimi nina kazi stoo."

"Nenda tu, Mnyapara," Pimbi akasema kwa upole. "Tutawaambia watu umeogopa mchezo wa watoto."

"Niogope? Mimi!" Kifua kikavimba. Akaja akasimama mwisho wa mstari, akaachama kabla hajaambiwa. Miaka sita amenusa wengine, hakuna aliyewahi kumnusa yeye, na mjinga huyo alikwisha sahau kwamba naye ana harufu.

Tembo akanyoosha mkonga. Fff!

"Unga na chumvi. Huyu Kobe."

"Sawa kabisa! Endelea, Mzee."

Fff! "Moshi. Kuni za mkwaju. Na uji mkavu, bila sukari." Sauti ya Mzee Tembo ikalainika. "Huyu simjui, lakini huyu ni mchapakazi. Amekula kidogo, amefanya kazi nyingi. Ni mgeni?"

"Ungemwamini na stoo?"

"Ningempa ufunguo leo hii!"

Bi Chausiku alikuwa ameachama, machozi yakamtiririka mpaka kidevuni, naye hakutoa sauti, maana sharti ni sharti.

Fff! Fff! Tembo akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Asali! Asali tupu, ya leo asubuhi! Huyu ndiye Fisi! Nilisema mimi! Mwizi mkubwa wewe, umefukuzwa! Toka!"

"Una hakika, Mzee?"

"Hakika kama mimi ni Tembo!"

Akamkamata kwa mkonga ili amburute nje. Akavuta. Akapapasa. Akapapasa tena.

"Mbona… mbona Fisi ana pembe?"

Paa! Mfuko ukaanguka.

Salale! Jamani, kama ungekuwepo! Mzee Tembo ameshika pembe za Mnyapara Nyati, na Nyati bado ameachama kinywa, ulimi unang'aa asali, sisimizi wanatembea kwenye ndevu. Kobe alishtuka, akatoka na shingo yote. Hajawahi kutoka namna ile tangu azaliwe.

"Mnyapara?" akanong'ona. "Wewe?"

"Mimi mla nyasi!" Nyati akafoka. "Nyati haibi! Ulizeni popote! Ni Fisi tu ndiye…"

"Wewe ndiye uliyekuwa ukimnusa," Tembo akasema. Sauti ilikuwa ndogo mno kwa mnyama mkubwa vile. "Kila jioni. Huku asali iko kwenye ulimi wako."

"Hakuna aliyewahi kuniuliza," akasema Nyati.

Lo! Jibu hilo liliwaumiza kuliko wizi wenyewe, kwa sababu lilikuwa la kweli. Tembo akaketi chini, puu, akageuza macho mlangoni, akaona pale alipokaa Fisi ni patupu.

"Na yule mchapakazi wa moshi na uji?"

"Ni mimi, Mzee," akasema Bi Chausiku.

Hakuna aliyeweza kumtazama. Ndipo Pimbi akapanda juu ya mkoba wake ili aonekane.

"Msione haya peke yenu. Asubuhi nilipofika, Bi Chausiku alinyoosha mkono anipokee mzigo. Nikauvuta mkoba wangu kifuani. Mimi, mwalimu wa heshima! Dada, nisamehe."

"Niliona," akasema Bi Chausiku. "Nimeshazoea."

Nyati alitolewa siku hiyo, na kwato zake zilisikika mpaka bondeni. Bi Chausiku akapewa kiti cha mbele, na ufunguo wa stoo ukafungwa shingoni mwake, maana Mzee Tembo alikwisha tamka mwenyewe na kauli yake hairudi. Unyapara wa getini ukafutwa. Wakala mkate wa asali, wakacheka kidogo, wakadhani mambo yamekwisha.

Jioni ikafika. Watu wakatoka mmoja mmoja. Bi Chausiku akafika getini, akasimama pale pale pa siku zote.

Akaachama.

Hapakuwa na mtu wa kumnusa. Geti liko wazi, njia nyeupe, watoto wanamngoja nyumbani, na mama yule amesimama kinywa wazi, macho amefumba, anasubiri ruhusa.

Mzee Tembo akamwona kutoka dirishani. Akatoka mbio, ardhi ikatikisika, tetema, tetema! Akamfikia. Akalia wazi mbele ya wafanyakazi wake.

"Funga kinywa, mama," akasema. "Pita. Nakuomba pita."

Bi Chausiku akafunga kinywa, akapita. Kesho yake akasimama tena, na keshokutwa pia, na kila jioni Mzee Tembo alimngoja getini, akamwambia apite, mpaka miguu yake ikajifunza.

Nami namaliza hapa, nyie mliocheka nilipotaja Fisi mlishike hili: mpime mtu kwa anayoyatenda, si kwa uliyoyasikia juu ya wenzake.