Nyumba ya Wazee Walalamishi

Imetufikia habari kutoka kwa watu wa kale, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Shamu palikuwa na nyumba ya wakfu waliyokaa wazee wasio na watoto wala jamaa. Aliyewatunza alikuwa mjane mwema aitwaye Maisara binti Hilali, Mungu amrehemu, ambaye naye hakuwa na watu wengine duniani ila hao.

Lakini nyumba hiyo ilikuwa na kelele, subhanallah! Kila mpita njia alisikia wazee wakinung'unikia uji, wakinung'unikia maji ya kuoga, wakimnung'unikia Maisara mwenyewe kwa jina. Watu wa mtaa wakaingiwa na huruma, wakaenda kumshtaki kwa kadhi kwamba anawatesa wazee wa watu. Kadhi akamtuma Sheikh Uqba bin Rafii, mcha Mungu na mpenda utaratibu kupindukia, akakague pamoja na mkewe, Bi Unaisa, kwa kuwa ndani mlikuwa na wanawake. Shtaka likithibiti, Maisara angeondolewa na wazee wagawanywe katika nyumba nyingine.

Habari zilipoenea, jirani mmoja alimwendea Maisara mbio.

"Ndugu yangu, waambie wafunge midomo kwa leo tu. Wakiulizwa, waseme hawana shida. Kuna ugumu gani?"

Maisara alitetemeka, maana alijua atakachopoteza. Hata hivyo akasema, "Hawa wamekaribia kukutana na Mola wao, nami niwafundishe uongo kwa kumwogopa binadamu? La. Waseme yaliyomo mioyoni mwao. Mimi Mungu ananitosha."

Akarudi jikoni kukoroga uji, machozi yakimtoka.

Basi Sheikh akafika, akaketi, akawauliza wazee hali zao. Lo! Ungedhani amefungua mfereji. Aliyeanza ni Mzee Dhakwani, seremala wa zamani.

"Uji mwepesi! Halafu kila asubuhi mwanamke huyu ananishika mkono, ananizungusha uani, na miguu yangu haitaki. Nikikaa, ananiinua. Nikimkaripia, anacheka!"

Bibi Lubaba, aliyekuwa hajiwezi kitandani kwa miaka mingi, akadakia kutoka nyuma ya pazia, "Afadhali wewe. Mimi nikipata tu usingizi mtamu, anakuja kunigeuza ubavu. Nikiuzoea ubavu huo, ananigeuza tena kama chapati. Sina raha!"

Wengine nao wakaongeza yao. Kucha zimekatwa mno, ugoro umefichwa, maji ya kuoga yana moto. Uso wa Sheikh ukakunjamana. Kwake yeye shahidi ni shahidi, na hapa mashahidi walikuwa nyumba nzima. Akainuka, akasema kwa upole, "Wazee wangu, dhiki yenu imekwisha. Mwanamke huyu ataondoka leo hii."

Hapo Mzee Dhakwani akasimama mwenyewe, bila kushikwa mkono na mtu, akainua bakora.

"Aondoke aende wapi?"

"Si mmemlalamikia wenyewe?" akashangaa Sheikh.

"Tumemlalamikia, ndiyo! Ni binti yetu. Kwani wewe nyumbani kwako hulalamikiwi? Hebu mguse uone!"

Huko kitandani Bibi Lubaba akaangua kilio, akiuliza ni nani sasa atakayemgeuza. Bi Unaisa akaingia kumtuliza, akakaa naye kitambo, kisha akatoka macho yakimlengalenga.

"Mume wangu, nimemtazama mgongo. Mama yangu mzazi alilala kitandani miezi michache tu, akafariki na vidonda tulivyoshindwa kuvitibu. Huyu amelala miaka, na ngozi yake haina hata mchubuko. Huko kugeuzwa anakokulalamikia ndiko kunakomwokoa."

Sheikh akamgeukia Maisara. "Kwa nini hukujitetea, binti yangu?"

"Sheikh, ningesema nini? Uji wa leo ni mwepesi kweli. Mikono ilikuwa inatetemeka, nikazidisha maji."

Sheikh akacheka hadi kilemba kikamteleza. Akaomba bakuli, akanywa, akakiri mbele ya wote kwamba Mzee Dhakwani hakumsingizia mtu. Wazee wakafurahi sana kwa ushindi huo.

Aliporudi kwa kadhi, alishuhudia kwamba nyumba ile iko katika mikono salama, na kadhi akamwacha Maisara kazini kwake.

"Basi nenda ukapumzike, Sheikh," kadhi akamwambia.

"Siwezi, bwana wangu. Nipe ruhusa nirudi katika nyumba ya wazee ya ng'ambo ya mto, ile niliyoisifu mbele yako. Kule hakuna aliyelalamika. Nilipowauliza hali, kila mmoja alimtazama msimamizi kwanza, ndipo akasema alhamdulillah. Nami nikaona ni adabu."

Kadhi akatafuta viatu vyake, wakafuatana.

Ndugu zangu waumini, ukienda kumtazama mzee wako ukamkuta anagombana na watu kwa ajili ya chumvi, usikereke. Keti naye, umwongezee hiyo chumvi, na umshukuru Mola wako kwamba mzee huyo yuko mahali asipomwogopa mtu.