Pilau ya Wastani

Si zamani sana, Mfalme Tungaraza alitawala nchi tajiri ambako viwanda vilikuwa vingi kuliko miti. Siku ya kutoa Kombe la Uwiano kwa nchi iliyokuza uchumi bila kuua mazingira, alimwita mpimaji, msichana aitwaye Kidawa.

"Nimepata ngapi?"

"Uchumi mia, Mfalme. Mazingira sifuri."

"Basi wastani wangu hamsini! Na jirani yangu?"

"Uchumi arobaini, mazingira arobaini."

"Ala! Kumbe nimemshinda! Tangaza hivyo, binti, ama utalala gerezani."

"Amri yako, Mfalme," Kidawa alisema akiinama. "Ila mshindi hula pilau kwanza mbele ya wageni, na mpishi ni mimi."

"Pilau tu? Lete hata sufuria mbili!"

"Mbili ndizo nitakazopika."

Wajumbe wa nchi zote walipoketi, Mfalme alichota sufuria ya kwanza, akakunja uso: haikuwa na chumvi hata chembe. Akachota ya pili, akaitema mpaka kwenye kanzu ya mfalme jirani aliyeketi kando yake.

"Wewe! Unataka kuniua? Hii ni chumvi tupu!"

"Taratibu, Mfalme. Chumvi ya sufuria zote mbili nimeitia kwenye moja. Kwa wastani, pilau imekolea."

"Wastani unaliwa? Sufuria moja ikiharibika, karamu yote imeharibika!"

Wageni walicheka wakashika mbavu. Kidawa akawageukia.

"Waheshimiwa, mmemsikia mwenyewe, naye ana uchumi mia na mazingira sifuri. Mpeni jirani kombe lake, na kitambaa cha kufutia kanzu."