Wasichana Waliochota Maji Wakati wa Hesabu

Hii nimetumiwa jana, nami nimeshindwa kukaa nayo peke yangu. Nimetembea nchi nyingi, nimelala stendi nyingi kuliko hoteli, nikadhani hakuna kinachoweza kunishtua tena isipokuwa mizani ya hospitali. Nilikosea. Isome, kisha msukumie mwenye binti, na mwenye kijana vilevile.

Palikuwa na shule moja huko milimani, enzi zile hesabu zilipofundishwa kwa chaki na kiboko. Kila mwaka ilikuwa hadithi ileile: wavulana wanafaulu hesabu, wasichana wanaanguka. Watu walishazoea, kama walivyozoea baridi ya mwezi wa saba.

Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Senkoro, alikuwa na watoto wawili darasa moja. Sifaeli, mvulana, ndiye aliyeongoza hesabu. Mdogo wake wa kike, Naetwe, ndiye aliyeshika mkia. Naetwe alitaka kuwa daktari, lakini bila hesabu hata sekondari angeisikia kwa jirani.

Siku ya mkutano wa wazazi, Mzee Senkoro akasimama akatengeneza koti lake.

"Tusiwatese watoto wa kike," akasema. "Kuanzia mwaka ujao waachane na hesabu, wafundishwe kufuma vitambaa vya makochi. Kichwa cha mwanamke hakikuumbiwa namba."

Wazazi wakapiga makofi. Hata akina mama walipiga. Naetwe, aliyekuwa akisikiliza dirishani, akageuka akaondoka.

Mwalimu mgeni, binti mmoja aitwaye Nakijwa, alikuwa hajamaliza hata wiki shuleni pale. Akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mzee mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo asubuhi nilipita darasani wakati wa hesabu, nikakuta wavulana tu. Wasichana walikuwa wapi?"

"Bondeni, wanachota maji. Maji ya uji, ya nyumba za walimu, ya maua ya pale ofisini. Ndiyo kazi yao tangu shule ifunguliwe."

"Na hesabu huwa kipindi cha kwanza kila siku?"

"Kila siku. Asubuhi akili inakuwa mbichi."

Aliyasema hayo bila kupepesa macho, na ukumbi mzima hakuna aliyekohoa. Hapo ndipo chai niliyokuwa nikinywa huku nasoma iliponipalia.

"Basi, mzee," akasema Nakijwa, "kabla ya hivyo vitambaa, nakuomba muhula mmoja. Wavulana wachote maji, wasichana wakae darasani. Kama tatizo ni kichwa, matokeo hayatabadilika."

Mzee Senkoro akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mwalimu, hata umtume Sifaeli maji kutwa nzima, ataongoza tu. Kile ni kichwa cha kiume. Chukua muhula wako."

Muhula ukaanza. Wavulana wakakabidhiwa ndoo. Njia ya bondeni ilikuwa na utelezi, na kupanda kwake kulimtoa mtu ulimi nje. Walirudi mashati yamelowa, wakamkuta mwalimu anafuta ubao. Wakajipanga nyuma, wakasinzia.

Wasichana nao, siku za mwanzo, walikaa kimya kama wageni waliokosea nyumba. Baadaye wakaanza kuuliza. Baadaye zaidi wakaanza kubishana na mwalimu juu ya majibu, na Naetwe alikuwa mbishi kuliko wote.

Muhula ukaisha. Mkutano ukaitwa, matokeo yakasomwa. Naetwe ameongoza. Waliomfuata, wasichana watupu. Ukipekua kwenda chini kabisa, unamkuta Sifaeli.

Mzee Senkoro akasimama.

"Mwalimu, huu ni uonevu. Hawa vijana hawakuwepo darasani. Mtoto atajuaje hesabu, na wakati wenzake wanafundishwa yeye yuko bondeni na ndoo?"

Kutoka nyuma ya ukumbi mkewe akasema taratibu, "Baba Sifaeli, hebu rudia. Huku hatujasikia vizuri."

Nawe ungedhani mzee angeyasikia maneno yake mwenyewe hapo, akaketi. Wapi. Alirudia neno kwa neno, tena kwa sauti ya juu zaidi, na akina baba wakaitikia, "Kweli kabisa, kweli kabisa."

Akina mama wakatazamana. Safari hii hakuna hata mmoja aliyepiga makofi.

Kesho yake alfajiri akina baba wote walikuwa uwanjani na sururu, majembe na mitaimbo. Hawakuitwa, hawakubembelezwa. Walisema watoto wao hawawezi kuharibikiwa kwa sababu ya maji. Wakachimba pembeni mwa uwanja, pale ambapo nyasi hazikauki hata kiangazi. Kabla wiki haijaisha, maji yakatoka, safi, ya baridi, hatua chache tu kutoka mlango wa darasa.

Wanaume wakakumbatiana na matope yao. Jumatatu hakuna mtoto aliyekwenda bondeni. Wavulana na wasichana wakaingia hesabu pamoja. Habari ya vitambaa ikafa yenyewe, na Naetwe akabaki na njia yake ya sekondari.

Jioni ile Naetwe alimkuta baba yake ameinama kisimani, anayatazama maji kwa fahari. Akachota, akanywa, kisha akauliza.

"Baba, haya maji yalikuwa hapahapa siku zote?"

"Yalikuwepo, mwanangu. Chini tu hapo."

"Sasa mbona miaka yote hamkuchimba?"

Mzee Senkoro akajibu haraka, kama mtu anayejibu jambo lililo wazi.

"Miaka yote hatukuwa na shida ya maji."

Mara hii aliyasikia maneno yake mwenyewe. Akamtazama binti yake, akatazama njia ya bondeni, akakaa chini pale pale kwenye udongo mbichi, na mdomo hakuweza kuufunga.

Funzo: Kabla hujasema binti hana kichwa, uliza wenzake walipokuwa wanafundishwa yeye alitumwa wapi, na shida usiipime kwa siku ilipomfikia mwanao wa kiume.